Elijah Masinde na Lugha ya Hospitali

Jina la Elijah Masinde halihitaji utangulizi mrefu magharibi mwa Kenya. Kutoka Bungoma hadi Kitale, anatajwa kuwa nabii, mkaidi, mpigania ardhi, mwanakandanda na, kwa wengine, mwendawazimu. Majina manne ya kwanza aliyapata miongoni mwa watu wake, kwa matendo yake mwenyewe. La tano lilitoka kwenye karatasi za serikali ya kikoloni, kwa Kiingereza, mnamo mwaka 1945. Wanahistoria wengi wameandika juu ya dini aliyoiongoza na juu ya damu iliyomwagika kwa ajili yake. Miaka yake miwili katika Hospitali ya Mathari hupewa aya moja, mbili, kisha simulizi ikasonga mbele. Hata hivyo, ni katika miaka hiyo miwili ambapo maisha yake yanagusa suala ambalo bado halijatatuliwa: ni nani huambiwa habari za afya ya akili, na kwa lugha gani?

Masinde alizaliwa katika eneo la Kimilili, chini ya Mlima Elgon, takriban mwaka 1910. Kizazi kilichomtangulia kilikuwa kimeonja mtutu wa bunduki. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza huko Lumboka na Chetambe, wakashindwa, na ngome zao zikabomolewa. Baada ya kushindwa huko waliletewa machifu Wawanga kutoka Mumias. Murunga, nduguye Nabongo Mumia, ndiye aliyetawala upande wa Elgon kwa miaka mingi. Ng'ambo ya pili, mashamba ya Trans Nzoia yaligawiwa walowezi wa Kizungu, na Wabukusu waliokuwa wakichunga mifugo huko wakawa maskwota katika ardhi waliyoiita yao. Mtoto aliyekulia Kimilili wakati huo alikua akisikia mambo hayo matatu: Chetambe, Wawanga na Kitale. Hakuhitaji shule kumfundisha.

Shule nayo aliipata, kwa Marafiki, yaani wamishenari wa Quakers, ambao walikuwa wamefika Kaimosi mwaka 1902 na kuenea hadi nchi ya Wabukusu. Huko alijifunza kusoma na kuandika, akabatizwa, na jina Elijah likatangulia lile la Masinde. Vilevile alicheza mpira. Aliongoza timu ya Kimilili, na mwaka 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Jambo hili husimuliwa kama kichekesho, eti nabii aliyekuwa mchezaji, lakini lina uzito wake. Linaonyesha kijana aliyefahamika mbali na kwao kabla ya siasa, aliyezoea kusimama mbele ya umati. Uhusiano wake na kanisa uliingia ufa katikati ya miaka ya 1930 alipooa mke wa pili. Kanisa lilimtenga.

Miongoni mwa kazi alizozifanya katika kipindi hicho, ipo moja ambayo mwanafunzi wa lugha hawezi kuipita haraka. Masinde aliajiriwa na baraza la mahakama ya wenyeji la Kabuchai, ambalo wakoloni waliliandika Kavujai, awe mpelekaji wa samansi. Kazi yenyewe ilikuwa duni kwa mshahara. Kwa maana yake haikuwa duni hata kidogo. Mtu wa samansi ndiye aliyekuwa daraja baina ya karatasi na kijiji. Aliwafikia watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, akawapa waraka uliobeba hatima ya shamba, ng'ombe au ndoa, na hapana shaka akaulizwa unasema nini. Asingeweza kutimiza wajibu huo bila ya kugeuza maneno ya ofisi kuwa maneno ya nyumbani. Yamkini ni katika njia za Kabuchai, na wala si mimbarini, alikojifunza jinsi serikali inavyozungumza na watu wasioielewa.

Vita Vikuu vya Pili vilikuja na amri nyingi. Vijana walitakiwa jeshini, wengine wakakusanywa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na mabwana shamba wakaamrisha kwamba magugu fulani yaliyoenea makondeni yang'olewe. Kufikia wakati huo Masinde na wenzake walikuwa wameanza kuhubiri Dini ya Msambwa: kumrudia Wele, kuwakumbuka wahenga, kukataa dini na utawala wa wageni. Mwaka 1944 alikaidi waziwazi. Yeye na wenzake walishtakiwa kwa kumshambulia mtumishi wa utawala aliyewaletea amri, na mtu aliyewahi kuwapelekea wengine samansi akajikuta kizimbani. Alitakiwa kutoa dhamana kwamba atadumisha amani. Alikataa, akafungwa. Akiwa kifungoni ikaamuliwa kuwa hana akili timamu, na mwaka 1945 akapelekwa Mathari, Nairobi.

Mathari ilikuwa imefunguliwa mwaka 1910, katika majengo yaliyokuwa yakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui, ikapewa jina la Mathari mnamo mwaka 1924. Kwa miaka mingi ilikuwa mahali pa kufungia zaidi ya kutibu. Wagonjwa waligawanywa kwa rangi: Wazungu, Wahindi, Waafrika, na hali za majengo zilifuata mgawanyo huo. Lakini jambo linalohusu maisha ya Masinde zaidi ya majengo ni fikra zilizotawala humo. Katika miaka ya 1930 Dkt. H. L. Gordon, aliyekuwa tabibu wa Mathari, alitangaza kuwa idadi kubwa ya Waafrika wa Kenya walikuwa na upungufu wa akili wa kuzaliwa. Mwaka 1933 ikaanzishwa jamii ya Wazungu wa Kenya ya kuchunguza uboreshaji wa mbari, naye akiwa kinara wake. Mwenzake, F. W. Vint, alipima bongo za Waafrika waliofariki akadai kuwa hazikukomaa kama za Wazungu. Maombi yao ya fedha za kuendeleza utafiti huo hayakufua dafu huko London. Hata hivyo, wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kupata makao.

Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 Mathari ilikuwa chini ya Dkt. J. C. Carothers, ambaye alipoichukua hakuwa na mafunzo rasmi ya utabibu wa akili. Kwa hiyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa hospitali wakati Masinde alipokuwa ndani. Carothers hakuwa na ukali wa Gordon, na kwa mtu binafsi huenda alikuwa mpole. Hata hivyo, kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, kilimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya Kenya ripoti iliyoieleza Mau Mau kuwa tatizo la nafsi, wala si la ardhi. Frantz Fanon alimjibu mwaka 1961 katika kitabu chake cha mwisho, na tangu hapo ni wachache wanaomtetea Carothers.

Matokeo ya fikra hizo hayakukomea vitabuni. Daktari anayeamini kuwa taifa zima lina upungufu wa akili haoni haja ya kumweleza mgonjwa wake jambo lolote. Maelezo huhitaji msikilizaji, na msikilizaji alikuwa amekwisha kufutwa kabla ya kuingia chumbani. Mgonjwa wa Kiafrika wa Mathari alitoka popote katika koloni: Mbukusu, Mkamba, Mluo, Mturkana. Daktari alifikiri na kuandika kwa Kiingereza. Baina yao palikuwa na Kiswahili cha amri, kile cha simama, njoo, meza dawa. Kiswahili chenye uwezo wa kumweleza mtu ugonjwa wake, muda wa tiba na haki ya kurudi kwao hakikuonekana kuwa cha lazima.

Je, Masinde alikuwa mgonjwa? Wapo waliomwona kuwa mtu wa ghadhabu zisizozuilika, ambaye hata marafiki zake walimwogopa. Wapo wanaoshikilia kuwa hospitali ilitumiwa kama gereza lisilohitaji hukumu. Inawezekana kabisa mambo yote mawili yana chembe ya ukweli, na hakuna anayeweza kumpima marehemu kwa karatasi za watu waliomhofu. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba mambo yaliyohesabiwa kuwa dalili, kama vile kuzungumza na wahenga na kutabiri kuondoka kwa Wazungu, yalikuwa na maana nyingine kabisa katika Lubukusu. Utabiri huo wa mwisho, isitoshe, ulitimia mwaka 1963.

Hapa lugha ya Kiswahili yenyewe ina neno la kuchangia. Wazimu na mzimu ni maneno ya shina moja. Mwenye wazimu, kwa fikra za kale za lugha hii, ni mtu aliyeingiliwa na mizimu. Na msambwa wa Wabukusu ni nini kama si mizimu hiyo hiyo, roho za wahenga zinazowalinda walio hai? Mtu aliyehubiri mizimu alitiwa chapa ya wazimu, na karani yeyote wa Kiswahili aliyetafsiri chapa hiyo alikuwa, bila ya kujua, akirudia mahubiri yake. Kejeli hii haikumsaidia Masinde. Inaonyesha tu kwamba neno la hospitali likivuka kutoka lugha moja hadi nyingine halifiki likiwa na maana ile ile, na aliyelituma asipolifuatilia, mpokeaji hujaza maana yake mwenyewe.

Ni sharti pia kutofautisha mambo ambayo ukoloni uliyachanganya na ambayo usemi wa mitaani unaendelea kuyachanganya. Ugonjwa wa akili huweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, ukatibiwa, ukapoa. Ulemavu wa akili ni hali ya kudumu inayoanza utotoni au kabla ya kuzaliwa, na mwenye hali hiyo hujifunza na kuelewa mambo kwa mwendo wake, mara nyingi polepole. Masinde hakuwa na ulemavu wa akili. Mtu aliyeweza kuwakusanya maelfu na kuisumbua serikali mbili hawezi kuwekwa katika kundi hilo. Lakini alitendewa kama wenye hali hiyo walivyotendewa: aliamuliwa mambo yake mbele yake, kwa maneno asiyopewa. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na ulimi wa kulipiza. Wale waliozaliwa na ulemavu wa akili hawakuwa na wafuasi, na historia haikuyahifadhi majina yao. Kiswahili kiliwapa majina ya dharau: punguani, taahira, zuzu. Kwa hiyo Gordon hakuwa peke yake katika kuwafuta.

Masinde aliachiliwa mwaka 1947. Iwapo serikali ilitarajia kuwa Mathari ingemshushia hadhi, ilikosea hesabu. Alirudi nyumbani akiwa ameyavuka mambo yaliyowatisha wengine, na wafuasi wakaongezeka. Septemba ya mwaka huo aliwaongoza maelfu hadi Chetambe kutoa kafara kwa ajili ya wale waliouawa mwaka 1895. Mapema Februari 1948 umati wa waumini ulifika kwenye misheni ya Kikatoliki ya Kibabii, si mbali na Kabuchai, ukawataka wamishenari waondoke. Tarehe 10 Februari umati mwingine ulikiendea kituo cha polisi cha Malakisi. Polisi wakafyatua risasi, watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku mwezi huo huo. Masinde akakamatwa na kuhamishiwa mbali na nchi yake, Lamu, alikozuiliwa kwa takriban miaka 12. Mbegu ya mahubiri yake ilikuwa imevuka hadi kwa Wapokoti, na mwaka 1950 huko Kolloa, Baringo, Lukas Pkiech na wafuasi wake walipambana na askari. Pkiech aliuawa pamoja na watu wengi wa pande zote mbili.

Safari hii serikali haikuzungumzia tena wazimu wake mahakamani. Ilitumia sheria za kuwahamisha watu bila ya kesi. Hilo peke yake linatosha kumfanya msomaji aitilie shaka ile hati ya mwaka 1945: mtu aliyekuwa mgonjwa kiasi cha kufungiwa miaka miwili alionekana mzima wa kutosha kuogopwa kama adui wa dola.

Uhuru ulimletea ahueni fupi. Dini yake iliruhusiwa mwaka 1964, ikapigwa marufuku tena mwaka 1968, na kiongozi wake akaingia na kutoka gerezani chini ya marais wawili. Aliendelea kudai ardhi ya Trans Nzoia, akilaumu kwamba mabwana wapya wameyarithi mashamba ya mabwana wa zamani. Kila alipopinga, ile chapa ya zamani ilikuwa tayari kuokotwa. Mwenzake akimtaja mwanasiasa mwingine kuwa mkaidi, hoja hubaki. Akimtaja Masinde kuwa mtu wa Mathari, hoja hufa papo hapo. Jina la hospitali lilikuwa limegeuka tusi nchini kote, na tusi hilo limewafanya watu wengi wenye haja ya tiba wakae nyumbani. Alifariki mwaka 1987. Simulizi za maisha yake zilizochapishwa, za Audrey Wipper, za James Shimanyula na za Vincent Simiyu, zote ziliandikwa kwa Kiingereza.

Miaka miwili baada ya kifo chake Kenya ilitunga Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, nayo ikarekebishwa kwa kina mwaka 2022 ili mgonjwa aelezwe matibabu yake na aridhie. Katikati ya miaka hiyo nchi iliridhia, mwaka 2008, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unadai huduma za afya na habari zake zimfikie kila mtu kwa namna anayoielewa. Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali iendeleze lugha za kiasili, lugha ya ishara, maandishi ya nukta nundu na njia nyingine za mawasiliano zinazowafikia walemavu. Maneno hayo ya mwisho, njia nyingine za mawasiliano, ndiyo yanayowahusu wenye ulemavu wa akili, na ndiyo yaliyofanyiwa kazi kidogo zaidi. Barua za nukta nundu zina alfabeti yake. Lugha ya ishara ina wakalimani. Maandishi mepesi kwa mtu anayeelewa polepole yana nini katika Kiswahili?

Barani Ulaya yapo maelekezo ya uandishi wa aina hiyo, yaliyotolewa mwaka 2009: sentensi fupi, wazo moja kwa sentensi, picha kando ya maneno, na zaidi ya yote, walemavu wenyewe kuusoma waraka kabla ya kuchapishwa. Kuyahamisha kama yalivyo hakutatosha. Sentensi fupi ya Kiingereza huhesabiwa kwa maneno, ilhali kitenzi kimoja cha Kiswahili kama vile atakapoyameza kimebeba nafsi, njeo, wakati na yambwa kwa pamoja. Ni neno moja kwa jicho, mzigo wa maneno matano kwa akili. Anayemwandikia kijana wa Kabuchai mwenye ulemavu wa akili atalazimika kukivunja kitenzi hicho: dawa ni hii, meza asubuhi, meza jioni. Hata ile kauli iliyozoeleka kwenye bahasha za dawa, kutwa mara tatu, ina mtego, kwani mtu anayechukua maneno kwa uzito wake hatajua kama usiku umo ndani ya kutwa au umo nje. Na saa mbili ya Kiswahili si ile iliyoandikwa kwenye simu. Picha ya jua likichomoza na ya mtu kitandani ingeyamaliza mabishano hayo yote, na kisha maneno yakasomwa kwa Lubukusu na mtu wa nyumbani anayejua wakati wa kunyamaza na kuuliza iwapo yameeleweka.